Mtoto kaniuliza "her face fell", uso uliangukia wapi? Nyie mnawaelezaje?

#1 MwalimuWaJioni
Habari za jioni wakuu. Nafundisha tuisheni ya Kiingereza hapa Morogoro, watoto kumi na mmoja, karibu wote form one waliotoka shule za msingi za serikali ambako walisoma kila kitu kwa Kiswahili halafu ghafla baiolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza, mpaka matangazo ya paredi Kiingereza.

Juzi tulikuwa na kahadithi kafupi, mle ndani kuna sentensi "When she saw the results, her face fell." Kuna binti mmoja mkimya sana akanyoosha mkono, mwalimu, uso uliangukia wapi? Wenzake wakacheka, yeye hakucheka hata kidogo. Nikaenda kuangalia daftari lake, alikuwa ameshachora. Msichana amesimama na sare, kichwani hakuna kitu, na uso uko chini karibu na kiatu, macho na nyusi zote zipo.

Nikamwambia maana yake alihuzunika. Akaandika pembeni "fell = alihuzunika". Sawa. Kesho yake kwenye zoezi kaniletea "My mother fell because my uncle died."

Hapo nikajua kosa si lake. Sasa wenye uzoefu, maneno ya namna hii mnayaelezaje? Nataka aelewe, sitaki akariri tu.

#2 Fundi_Kamusi
Mwalimu hilo ni rahisi. Nahau haivunjwi. Ulimpa maana ya neno moja badala ya kumpa maana ya fungu zima. Mwandikishe "her face fell" yote kama kitu kimoja, kama gunia limeshonwa mdomo, halafu mbele yake maana. Mtoto huyo huyo kasoma nahau tangu shule ya msingi, anajua babu aliyekula chumvi nyingi hajalamba kibakuli cha chumvi. Mkumbushe hilo atakuelewa ndani ya dakika mbili.

#3 MamaWawili
Fundi nakupinga kidogo. Chumvi nyingi ni kweli huwezi kuiona kwa macho, lakini uso kuanguka unauona! Nimetoka kujaribu sasa hivi mbele ya kioo cha kabati. Tabasamu mpaka mashavu yapande, halafu jifanye umepewa habari mbaya. Mashavu yanateremka, pembe za mdomo zinateremka, mpaka kope zinalegea. Uso unashuka kweli mwalimu, hauachani na kichwa ila unashuka. Wapeleke watoto kwenye kioo, au wakae wawili wawili waangaliane. Yule binti aliyechora uso kwenye kiatu mwambie achore tena.

#4 Kamau_wa_Kiambu
Niaje mwalimu. Mimi naongea kama mtu aliyepitia ile ya Fundi na najua inaishia wapi. Huku Kenya tukiwa primary tulikuwa na kadaftari ka phrases, unakariri zote unazimwaga kwenye composition. "I woke up with the lark", "as fit as a fiddle", "I was over the moon". Darasa la watoto hamsini, na composition hamsini zote jua linang'aa na ndege wanaimba. Lark ni ndege gani sikujua hadi nikiwa mtu mzima, na fiddle nilidhani ni aina ya dawa, kumbe ni fidla. Tulipata marks ndio, lakini ukiniuliza kama tulielewa, hapana. Gunia lililoshonwa mdomo ni gunia tu, hujui ndani kuna mahindi ama mchanga.

#5 Fundi_Kamusi
@Kamau hoja nzuri, nakubali nusu. Tutenganishe vitu viwili. Kuna nahau zilizokufa, kama "kick the bucket" yaani kufa, hiyo imo kwenye kamusi ya maneno ya mitaani ya Francis Grose, London 1785, na mpaka leo wataalamu wanabishana ni ndoo gani. Hiyo kariri tu. Halafu kuna maneno yanayofuata njia, na hapo ndipo MamaWawili yuko sahihi. Kwenye Kiingereza huzuni iko chini na furaha iko juu. "Feeling down", "low", "my heart sank", upande wa pili "cheer up", "high spirits". Lakoff na Johnson, wataalamu wa lugha na falsafa wa Marekani, walilieleza jambo hili vizuri mwaka 1980. Ukimpa mtoto hiyo njia, maneno ishirini anayapata kwa mpigo.

#6 BintiMvita
Hapo hapo kaka, usikimbie. Hiyo njia yao ukimpa Mswahili bila kumuonya umempoteza. Sisi mtu akiwa "roho juu" ana furaha? Ana wasiwasi! Mwanao kachelewa kurudi, saa nne ya usiku hujamuona, uko roho juu. Akibisha hodi ndipo moyo unatua, unashusha pumzi. Kwetu moyo ukishuka ni raha.

Sasa mtoto wa kwetu akisoma "my heart sank" ataelewa nini? Ataelewa mtu kapata nafuu. Na atakuwa amefikiri vizuri tu, kafuata lugha ya mama yake.

#7 MwalimuWaJioni
Dada BintiMvita nimesoma hiyo mara tatu. Nina mtoto mwaka jana aliandika "my heart sat down" nikampiga mkasi wa wino mwekundu. Kumbe alikuwa anatafsiri moyo umetua. Sikumuuliza. Najuta kweli, kama angepata nafasi ya kunieleza tungejifunza darasa zima.

#8 BintiMvita
Ndo maana nasema anza na Kiswahili. "Her face fell" mpe "akanywea". Au uso ulimsawijika, uso ulimparama. Anajua mtu aliyenywea alivyo, kamuona nyumbani, kamuona shuleni siku ya matokeo. Akishakuwa na hiyo picha ndipo unamwambia Waingereza hapa wameona uso unashuka, sisi tumeona mtu anasinyaa kama jani. Jambo ni moja, kila mtu kaliona kwa upande wake.

#9 Kamau_wa_Kiambu
"Akanywea" si ni kunywa? 😄

#10 BintiMvita
@Kamau kunywa ni kunywa, kunywea ni kusinyaa, kupungua. Puto likitoka upepo linanywea. Njoo Mombasa nikufundishe, nauli juu yako.

#11 Mtoto_wa_Uvira
Salamu kwenu wote. Mimi niko Texas, nilitokea Uvira, nikakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka mingi kabla ya kuja huku, Kiingereza nimejifunza ukubwani.

Wiki yangu ya kwanza kazini, ghala la kupakia mizigo, shifti ya usiku. Kama saa tano usiku msimamizi akapita akasema "OK guys, let's call it a day." Mimi maneno yote nilikuwa nayajua. Let us, call, day. Nikapanga kichwani, tuite hii ni mchana. Nikaelewa bosi anasema usiku huu tuuhesabu ni mchana, yaani tukaze tuendelee. Nikaongeza mwendo! Naangalia pembeni naona wenzangu wanavua glavu, nikafikiri hawa watafukuzwa kazi. Nikabaki peke yangu kwenye mstari na maboksi. Mzee mmoja wa Meksiko naye Kiingereza chake kama changu ndiye alirudi, hakusema neno, akanionyesha kwa mikono, akajipangusa viganja hivi, pa pa, kama mtu anatoa unga. Nikaelewa papo hapo. Imeisha.

Kwa hiyo mwalimu, mimi kamusi haikunisaidia, mikono ya yule mzee ndiyo ilinisaidia. Naungana na mama wa kioo.

#12 MamaWawili
Asante sana kaka wa Uvira. Pole na hongera. Hiyo ya kujipangusa viganja naichukua, ni ya kweli hata kwetu mtu akimaliza kusonga ugali anafanya hivyo hivyo.

#13 Kijana_wa_Tandale
Mi naonaga watoto wanapenda ukiwapa chanzo cha neno. Kama "raining cats and dogs", yaani mvua kubwa sana, zamani Ulaya nyumba zilikuwa za nyasi, paka na mbwa walikuwa wanalala juu ya paa kwenye joto, mvua ikinyesha paa linateleza wanadondoka ndani. Ndo wakasema inanyesha paka na mbwa. Ukimpa hiyo hasahau.

#14 Fundi_Kamusi
Hasahau, lakini umemdanganya mkuu. Hiyo ya paka juu ya paa ilisambaa kwenye barua pepe za miaka ya 1990 na hakuna ushahidi wowote. Paa la nyasi lililosukwa vizuri maji yanatiririka nje, mbwa hawezi kuwa amelala ndani ya nyasi. Usemi wenyewe ni wa zamani, mwandishi Jonathan Swift kautumia mwaka 1738, lakini kwa nini paka na kwa nini mbwa, kila mtu ana lake.

#15 Kijana_wa_Tandale
Duh. Nimeisimulia hiyo kwa watoto wa dada kwa miaka. Asante kwa kunirekebisha, leo jioni nawaambia ukweli.

#16 Fundi_Kamusi
Usikate tamaa, wazo lako la chanzo ni zuri pale chanzo kinapojulikana. Chukua "deadline". Leo ni tarehe ya mwisho ya kuwasilisha kazi, lakini mwanzo ulikuwa ni mstari wa kweli. Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1864, gereza la Andersonville kule Georgia, walifungwa askari wa upande wa Kaskazini. Ndani ya ukuta kulikuwa na kizuizi kidogo cha mbao, mfungwa akikivuka au hata akikigusa mlinzi kwenye kibanda cha juu anapiga risasi. Huo ndio waliuita "dead line". Wafungwa karibu 13,000 walifia pale, wengi kwa njaa na kuhara. Baadaye neno likahamia kwenye magazeti, habari ikipita saa fulani haichapwi, imekufa.

#17 MwalimuWaJioni
Hiyo nzito. Sijui kama nitawapa form one, lakini mimi mwenyewe kila nikiandika "deadline" ubaoni nitakiona kile kizuizi.

#18 Dada_Lulu_Arusha
Naomba nichangie kwa uchungu kidogo kwa sababu hili limenikuta ndani ya familia. Mdogo wangu alikuwa analipiwa ada na mfadhili wa Ulaya, na kila muhula anamwandikia barua kwa Kiingereza. Akaandika "My mathematics teacher broke my heart." Alitaka kusema mwalimu alimvunja moyo, yaani alimwambia hesabu huziwezi acha tu. Sisi kuvunja moyo ni kukatisha tamaa. Kule wakasoma kitu kingine kabisa, wakaelewa kuna mapenzi kati ya mwalimu na mwanafunzi wa miaka kumi na tano. Barua ikarudi, simu zikapigwa, mwalimu akaitwa kuhojiwa, mdogo wangu akakaa wiki mbili anaulizwa maswali ambayo hata hayaelewi. Mwisho wa siku likaeleweka, lakini mtoto aliacha kuandika barua kwa mkono wake, mpaka leo ananiomba nimwandikie mimi.

Neno kwa neno tafsiri yake ilikuwa sahihi. Moyo, heart. Vunja, break. Ndo maana naomba walimu msichukulie haya kama mapambo ya insha.

#19 BintiMvita
Pole sana mdogo wetu. Na kibaya zaidi ukitaka "broke my heart" ya mapenzi, huku kwetu hatutumii sana kuvunja moyo. Huku pwani tunasema "umenikata maini". Ini ndilo linaumia. Kwa hiyo mwalimu hata viungo vya mwili havilingani, wao wameweka maumivu kwenye moyo, sisi tumeyagawa.

#20 Kijana_wa_Tandale
Na nyongo je? Juzi nimesoma "he is a bitter old man" nikatafsiri mzee mchungu 😅 nikaona haiendi.

#21 BintiMvita
Haiendi, kwa Kiswahili ungesema ana kinyongo. Na angalia uzuri wake, kinyongo kimetoka kwenye nyongo, na nyongo ndiyo kitu kichungu kuliko vyote ndani ya kuku, ukiipasua kwa bahati mbaya wakati unamtoa matumbo, mchuzi wote umekwenda. Kwa hiyo Mwingereza na Mswahili hapa wamekutana, wote wameonja uchungu mdomoni wakaupeleka kwenye roho ya mtu. Hili ndilo la kumfundishia mtoto, mpe nyongo ya kuku kwanza.

#22 Fundi_Kamusi
Mfano mzuri lakini usiuvute sana. Kinyongo kina mtu unayemwekea, nina kinyongo na fulani. "Bitter" mtu anaweza kuwa nayo kwa maisha tu, kwa bahati yake, hana adui. Yule mzee wa kwenye kitabu huenda hana kinyongo na yeyote, kachoka tu na yaliyompata.

#23 BintiMvita
Aliyechoka na yaliyompata ana kinyongo na dunia. Siondoki hapo.

#24 Mzee_wa_Korogwe
Vijana nimewasoma tangu mwanzo. Mimi nilifundisha darasani miaka thelathini na moja, Kiingereza na Kiswahili vyote. Naongeza moja tu ambalo hamjaligusa, kuna maneno ambayo maana ya pili ipo kwenye lugha zote mbili lakini ukivusha unapata aibu. "Sweet". Sauti tamu, "sweet voice", sawa, hakuna tatizo. Maneno matamu, "sweet words", sawa. Mwanafunzi akishaona mara mbili imekubali anaamini njia imefunguka. Halafu anamtafsiria mgeni "she is a sweet girl" mbele ya wazazi wa binti, "ni msichana mtamu". Nililishuhudia hilo, baba wa binti alisimama. Kwa hiyo mtoto afundishwe pia wapi njia inakatika.

#25 MamaWawili
Shikamoo mzee. Huyo mgeni alipona?

#26 Mzee_wa_Korogwe
Marahaba. Alipona, nilimkalisha baba wa binti nikamweleza taratibu. Wageni nao wanahangaika na lugha yetu vilevile. Mmoja alisikia "jana ilinyesha mvua ya kufa mtu" akaja kunipa pole ya msiba.

#27 Kamau_wa_Kiambu
Hiyo mvua ya kufa mtu na ile ya paka na mbwa ziwekwe pamoja darasani, watoto waone hata wao wanasemaga vitu haviingii akilini na hawashtuki.

#28 Kijana_wa_Tandale
Na "piga" tumwachie nani? Piga simu, piga pasi, piga deki, piga picha, piga chafya, piga kura, piga hatua. Mzungu akiuliza nani anapigwa unamjibu nini?

#29 Fundi_Kamusi
Wao wana "run". Wahariri wa kamusi ya Oxford walipoifanyia kazi upya walihesabu maana 645 za kitenzi peke yake. Pua inakimbia, bomba linakimbia, mtu anakimbiza kampuni, anakimbilia ubunge. Kila lugha ina kitenzi chake cha kubeba mizigo. Chao ni run na set na fall, chetu piga na kula.

#30 MwalimuWaJioni
Wakuu nimerudi. Leo nimefanya hivi, nimechanganya ushauri wenu wote.

Nimeanza na kioo cha mama. Nilikopa kioo cha kinyozi wa jirani, wakajiangalia, kelele nyingi lakini waliona. Halafu nikauliza Kiswahili tunasemaje, yule binti mkimya ndiye kajibu wa kwanza, "akanywea", bila mimi kumpa. Halafu nikaandika ubaoni "fall" katikati, nikawaambia tutafute huyu anaanguka wapi na wapi, na sisi tunasemaje.

"Fall asleep", wakasema sisi hatuanguki, usingizi unakuja unatuchukua. "Fall in love", mmoja kasema sisi tunazama, darasa likacheka dakika tano. "Prices fell", hapa tuko sawa, bei imeshuka. "Night fell", wakasema usiku unaingia. "Fall ill", kimya, halafu mmoja akasema ugonjwa unampata mtu. Nikawauliza mnaona nini? Kijana mmoja akasema mwalimu, Mzungu anaanguka kila mahali, sisi vitu ndivyo vinatufuata, usingizi unatuchukua, ugonjwa unatupata, usiku unatuingilia. Sikuwa nimeandaa hilo, sikuwahi kuliwaza maishani.

Yule binti sentensi yake ya leo, "The bus left me and my face fell." Kachora tena, safari hii uso uko kichwani, ila mdomo na mashavu kavuta mistari midogo ya kwenda chini.

#31 MamaWawili
Nimefurahi mpaka machozi. Mpe huyo mtoto penseli za rangi kwa niaba yangu, nitumie namba ya wakala pm.

#32 Fundi_Kamusi
Hongera mwalimu. Huyo kijana usimwache. Ila mwambie asiifanye sheria, maana sisi nasi tunaanguka, tunaanguka kifafa, tunaanguka mtihani, chama kinaanguka kwenye uchaguzi.

#33 Kamau_wa_Kiambu
Na "fall" ya msimu? Marekani si ndio wanaita hivyo majira ya kabla ya baridi, majani yakianguka.

#34 Mtoto_wa_Uvira
Ndiyo, huku mwezi wa kumi wote wanasema "fall". Mwaka wa kwanza niliposikia "see you in the fall" nilifikiri kuna mtu ataanguka.

#35 MwalimuWaJioni
Nimesahau kumalizia. Wakati wa kutoka binti kaniuliza lingine. Kwenye hadithi ile ile mbele kuna "silence fell over the room". Kasema mwalimu, hapa hakuna mashavu, kioo hakisaidii, kimya kilianguka kutoka wapi? Nimemwambia sisi tunasema kimya kilitanda. Akasema sawa, kilitanda kutoka wapi?

#36 BintiMvita
Kutanda ni kama wingu, linatoka baharini linafunika mji.

#37 Mzee_wa_Korogwe
Wingu la kwenu. Huku kwetu linatoka milimani. Na buibui naye anatanda, yeye anatoka pembeni ya ukuta.

#38 Kijana_wa_Tandale
Sasa hapo si bado hatujamjibu mtoto 🤔